Homa Inayorudi Mguuni: Homoni, Ngozi na Mlango wa Vijidudu

Inaanza jioni kwa baridi kali. Mama wa miaka hamsini na kitu amejifunika khanga na blanketi, na bado meno yanagongana. Nyumbani wanasema ni malaria. Mtu anatumwa duka la dawa, anarudi na mseto. Asubuhi ndipo mama anapogundua kwamba mguu wake mmoja, kuanzia kifundo hadi katikati ya muundi, umevimba, una moto, na hauguswi. Kwenye kinena cha upande uleule pametokea mtoki. Hapo maneno hubadilika: amekanyaga kitu, ametegewa njiani, aitwe fundi. Akipona, jambo linasahaulika. Miezi kadhaa baadaye linarudi, na mara nyingi linarudi kwenye mguu uleule.

Wanawake walio katika umri huo huuliza swali la maana sana: je, haya hayahusiani na kukoma kwa hedhi? Wengine waliugua wakiwa wajawazito, wengine wanaona miguu inajaa siku chache kabla ya hedhi, na wengine walianza kupata majipu ya mapajani tangu walipovunja ungo. Swali lao lisipuuzwe. Homoni peke yake hazileti maambukizi mguuni. Wanaoyaleta ni vijidudu. Lakini homoni zinaweza kukausha ngozi, kuijaza miguu maji, kupandisha sukari na kudhoofisha kinga, hata mlango ukabaki wazi kwa kijidudu ambaye siku zote alikuwa nje. Kwa hiyo mguu unaougua tena na tena unastahili kuchunguzwa mara mbili: kwanza ngozi yenyewe, kidole kwa kidole, kisha mwili mzima, homoni zikiwamo. Wengi wetu hutibiwa homa tukarudi nyumbani bila hata moja kati ya hayo kufanyika.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Matabibu huuita selulaitisi: maambukizi yanayoshika tabaka la ndani la ngozi na mafuta yaliyo chini yake. Wahusika wakuu ni bakteria wa jamii ya streptokoka na stafilokoka, ambao watu wengi huishi nao kooni, puani au juu ya ngozi bila kudhurika. Ngozi nzima huwazuia. Wanachotafuta ni ufa: mahali ulipoungua kwa bomba la moshi la bodaboda, pale ulipojikuna baada ya kuumwa na mbu, mwiba wa shambani, funza, magaga yaliyopasuka kisiginoni, mkwaruzo wa wembe wa kunyolea.

Na mlango unaosahaulika kuliko yote ni fangasi za vidoleni. Tanua kidole kidogo cha mguu na kile kinachokifuata. Ukiona ngozi nyeupe iliyolowa, inayobanduka, inayowasha au kutoa harufu, umeona njia ambayo bakteria wengi huipitia kuelekea kwenye muundi. Mtu anaweza kumeza antibaotiki mara nne kwa mwaka, na kila mara fangasi zile zikaachwa pale pale kwa sababu hakuna aliyemwambia avue viatu. Hapo ndipo ninapowasihi wahudumu wa zahanati zetu: mgonjwa wa mguu avuliwe soksi, na vidole vitanuliwe.

Kuna jambo jingine linalowachelewesha watu wetu. Maelezo mengi ya ugonjwa huu husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utakachokiona ni ngozi iliyokoza kuliko ya mguu wa pili, pengine yenye rangi ya zambarau au kijivu, inayong'aa na kuvutika. Usingoje wekundu. Weka mgongo wa mkono wako kwenye mguu mmoja, kisha kwenye mwingine, ulinganishe joto. Homa na kutetemeka pia vinaweza kutangulia saa kadhaa kabla mguu haujabadilika, na ndiyo maana malaria husingiziwa. Kupima malaria ni sahihi kabisa; ila kipimo kikisema hakuna, angalia miguu.

Sasa homoni. Estrojeni ni miongoni mwa vitu vinavyoipa ngozi ya mwanamke unene na unyevu wake. Inaposhuka, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, ngozi huanza kuwa nyembamba na kavu. Tafiti zimeonyesha kwamba kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, inaweza kupungua kwa takriban asilimia 30 katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma. Mafuta ya asili hupungua, vidonda vidogo huchelewa kufunga, na muundi, ambao hata ujanani hauna mafuta mengi, huanza kupauka, kuwasha na kupasuka. Mwanamke anajikuna usiku. Kucha inafungua ngozi. Uhusiano ninaouona mimi upo hapo: estrojeni hukausha njia kwa kuondoka kwake, na ukucha humaliza kazi.

Hata hivyo, mama asiaminishwe kwamba umri wake ndio ugonjwa wake. Mambo yaliyothibitika kuongeza hatari ya selulaitisi ya mguu ni kuwahi kuugua kabla, uvimbe wa muda mrefu, mishipa ya vena iliyochoka, unene uliopitiliza, vidonda visivyopona na fangasi za vidoleni. Mengi kati ya hayo hukusanyika katika umri uleule ambao hedhi hukoma, kwa hiyo ni rahisi kulitwisha tukio moja mzigo wa yote. Wala tiba ya kurudishia estrojeni si dawa ya kuzuia maambukizi ya mguu. Ina sababu zake, kama vile joto la ghafla na jasho la usiku linalomtesa mtu, na ile ya vidonge huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Asikuandikie mtu kwa ajili ya mguu.

Kinachosaidia ngozi ya umri huu ni cha bei nafuu. Oga kwa maji ya uvuguvugu badala ya maji ya moto sana. Sabuni ya mche ni nzuri kwa nguo, lakini kwenye muundi mkavu huondoa hata yale mafuta machache yaliyobaki. Tumia sabuni laini, na usisugue kwa dodoki gumu. Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka mafuta ya mgando kuanzia gotini hadi kisiginoni. Katikati ya vidole usipake. Pale panatakiwa pawe pakavu, na anayetawadha mara tano kwa siku akumbuke kupafuta kabla ya kuvaa soksi au viatu vya kufunika.

Ujauzito ni habari nyingine. Projesteroni hulegeza kuta za vena, damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na tumbo la uzazi hukandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni. Miguu yote miwili kujaa jioni ni jambo la kawaida, na ngozi iliyojaa maji hupasuka kwa urahisi na kujilinda kwa shida. Kulala ubavu wa kushoto, kuinua miguu na kutembea husaidia. Lakini uvimbe unaokuja pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au maumivu ya juu ya tumbo unaweza kuwa kifafa cha mimba kinachonyemelea, na huyo aende hospitali saa ileile. Mguu mmoja kuvimba na shavu lake kuuma kunaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya vena. Hatari hiyo inaendelea wiki 6 na zaidi baada ya kujifungua, kipindi ambacho kina mama wengi wa kwetu hukandwa kwa maji ya moto. Ninawaomba bibi na mashangazi wanaokanda wazazi: mguu mmoja ukiwa umevimba na mwingine ni mzima, msiuguse kwa kuukanda. Upelekwe kupimwa. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni naye akiona dalili hiyo asiseme ni uchovu.

Mjamzito mwenye selulaitisi anatibika. Zipo antibaotiki za jamii ya penisilini ambazo zimetumika kwa wajawazito miaka mingi. Kinachomdhuru ni kujinunulia doksisaiklini au siprofloksasini kwa sababu zilimsaidia jirani.

Kuna homoni ambazo hazitoki mwilini bali zinatoka dukani, na juu ya hizi nina uchungu zaidi. Kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo, ina ndugu zake wa viwandani, waitwao steroidi: deksamethasoni, prednisoloni, betamethasoni, klobetasoli. Ni dawa nzuri zinapoandikwa kwa ugonjwa unaozihitaji, kwa kipimo na kwa muda. Lakini klobetasoli imejificha pia ndani ya krimu za kujichubua na mikorogo inayochanganywa saluni bila lebo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, Kenya na Rwanda, na bado vinapatikana. Deksamethasoni nayo huuzwa kama dawa ya kunenepesha au kuongeza makalio, pembeni mwa masoko ya miji mingi ya Afrika, mbegu za hatari zikiwa ndani ya kikaratasi kisicho na jina.

Dada anayepaka mkorogo miguuni kila siku huanza kwa kufurahia ulaini. Ngozi inalainika kwa sababu inapungua. Baada ya muda hujitokeza michirizi mapajani na nyuma ya magoti, mishipa huonekana, mgongano mdogo na kitanda unaacha alama, na kidonda kidogo hakifungi. Daktari wa upasuaji naye hupata shida kuishona ngozi ya namna hiyo, kwa sababu uzi unaichana. Fangasi hustawi humo. Tena, kwa kuwa dawa hizi hutuliza mwasho, fangasi husambaa kimya kimya huku mwenyewe akidhani amepona. Sura ya fangasi hubadilika hata mtaalamu huweza kupotea. Krimu za mchanganyiko zinazosifiwa dukani kwamba zinatibu kila kitu, zenye dawa ya fangasi, antibaotiki na steroidi ndani ya mrija mmoja, huleta shida hiyohiyo. Kwa fangasi za vidoleni inatosha krimu ya klotrimazoli isiyo na steroidi, asubuhi na jioni, ikiendelezwa wiki mbili baada ya ngozi kuonekana imepona. Au marhamu ya Whitfield, ambayo zahanati nyingi zimekuwa nayo kwa miongo mingi.

Ikiwa umetumia steroidi kwa miezi, iwe ya kumeza au ya kupaka mwili mzima, usiiache ghafla kwa hofu baada ya kusoma haya. Tezi zako huenda zimelala, na kuziacha bila msaada kunaweza kukuangusha kwa shinikizo la damu kushuka, kutapika na kuzimia. Nenda kwa daktari, mwambie kweli yote, hata kama ni mkorogo, naye atapanga namna ya kupunguza. Asiyesema hutibiwa mguu peke yake. Na mgonjwa akiona uso umekuwa wa mviringo, tumbo limekua huku mapaja yakikonda, na kupanda ngazi kunamshinda, hilo pia aliseme, maana mara chache mwili wenyewe hutengeneza kotisoli kupita kiasi bila dawa yoyote.

Insulini ni homoni, ingawa hatuzoei kuisema hivyo, na kwa idadi ya miguu inayopotea ndiyo yenye uzito kuliko nyingine zote. Inapopungua au isipofanya kazi, sukari hupanda. Seli nyeupe zinazowinda bakteria huzubaa, mishipa ya damu hubana, na neva za miguu hufa ganzi. Mtu anaungua na maji ya kukandia bila kujua. Msumari unaingia kwenye ndala na yeye anatembea nao. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha taarifa za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usingizini, bila kuamka. Mtu akinieleza kwamba mguu hauumi kwa hiyo si mbaya, naikumbuka taarifa hiyo.

Kwa hiyo yeyote aliyepata selulaitisi mara ya pili, mwanamke au mwanamume, apimwe sukari. Kiwango cha asubuhi kabla ya kula kikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ni cha kisukari. Kipimo hicho kinahitaji kurudiwa siku nyingine, maana maambukizi yenyewe huweza kupandisha sukari kwa muda. Aliyewahi kupata kisukari cha mimba asidhani kiliisha na mimba. Yuko karibu zaidi na kisukari cha kudumu na anatakiwa kupimwa mara kwa mara. Kipimo cha VVU nacho kifanyike siku hiyohiyo, maana navyo hudhoofisha kinga.

Tezi ya shingo nitaipitia kwa haraka. Ikifanya kazi pungufu, mtu huchoka, husikia baridi, hufunga choo, ngozi hukauka kama gamba, na uso na miguu huvimba uvimbe usiobonyea. Si lazima awe na rovu. Kipimo kimoja cha damu huonyesha, na dawa yake ni kidonge cha kila siku.

Majipu ya kinena na mapaja ya ndani yanahitaji maneno yake, kwa sababu wanaoyapata hubeba aibu isiyo yao. Yanaanza baada ya balehe, yanarudi palepale, yanaacha vishimo na makovu yanayounganika chini ya ngozi, na kwa wanawake wengi huchachamaa siku za kuelekea hedhi. Mara nyingi haya si majipu ya kawaida. Ni ugonjwa wa vinyweleo kuziba na kuvimba kwa ndani, ambao homoni zinahusika nao kweli, pamoja na uzito, sigara na urithi. Hauambukizwi, hautokani na uchafu, na mume hajauleta. Kukamua na kukata kila mara huongeza makovu. Una matibabu yake, ikiwamo antibaotiki za miezi kadhaa zinazotolewa kwa sababu ya kutuliza uvimbe, na anayeujua vizuri ni daktari wa ngozi. Anayeishi kaskazini mwa Tanzania anaweza kuomba rufaa kwenda KCMC, Moshi, ambako kuna kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi kinachohudumia ukanda mzima.

Na yapo yanayofanana na maambukizi wakati siyo. Mafundo magumu yenye maumivu kwenye miundi yote miwili yanaweza kuchochewa na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango, lakini kwetu yanaweza pia kuwa alama ya kifua kikuu, kwa hiyo kifua kipimwe. Miguu yote miwili ikiwa na ngozi nyeusi, kavu, inayowasha kuzunguka vifundo kwa miezi, bila homa, kwa kawaida tatizo ni vena, na antibaotiki haziwezi kuisaidia. Anayeishi au aliyekulia pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na mguu unabaki umevimba baada ya kila homa, apimwe matende kabla ya kuanza kuhesabu umri wake wa hedhi. Kwa mgonjwa wa matende kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kukausha na kutibu kila ufa hupunguza homa hizo. Na kumeza dawa zinazogawiwa kwenye kampeni huzuia minyoo inayoleta matende kuendelea kusambaa kijijini.

Ukihisi shambulio limeanza, chukua kalamu ya wino uzungushe mstari kwenye ukingo wa uvimbe, uandike na saa. Nenda kituo cha afya siku hiyo. Pumzika mguu ukiwa juu ya mito, zaidi ya usawa wa moyo. Antibaotiki imezwe kwa siku zote ulizoandikiwa, hata ukipata nafuu siku ya pili. Katika siku moja au mbili za mwanzo rangi inaweza kuvuka mstari kidogo wakati homa inashuka, na hilo peke yake si kushindwa kwa dawa. Usichanje chale, usipake dawa ya meno wala mafuta ya taa, usikande kwa maji ya moto. Maumivu yakizidi kwa namna isiyolingana na kinachoonekana, malengelenge meusi yakitokea, sehemu ikifa ganzi, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, usingoje asubuhi. Hapo kuna uwezekano wa maambukizi yanayokula nyama kwa saa, na yanahitaji chumba cha upasuaji.

Baada ya kupona, tundika kalenda ukutani. Weka alama siku za hedhi kama bado unazipata, siku za homa, siku miguu inapojaa, dawa mpya ulizoanza, na uzito. Miezi michache ya alama hizo humsaidia daktari kuliko maelezo ya kumbukumbu. Pengine itaonekana kwamba miguu hujaa kabla ya hedhi lakini homa hazifuati mpango huo. Pengine itaonekana kwamba zinafuata msimu wa mvua na viatu vya mpira.

Kwa wanaougua mara mbili au zaidi kwa mwaka, licha ya vidole kutibiwa na sukari kudhibitiwa, madaktari wanaweza kuandika penisilini ya kipimo kidogo kila siku kwa mwaka mmoja. Utafiti wa Uingereza na Ireland uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hupunguza kurudi kwa ugonjwa wakati inatumika, ingawa kinga hiyo haidumu ikiachwa. Soksi za kubana nazo si za wazee wa Ulaya tu: katika utafiti wa Australia wa mwaka 2020 uliohusisha watu 84 wenye uvimbe sugu wa mguu, ugonjwa uliwarudia asilimia 15 ya waliovishwa na asilimia 40 ya wasiovishwa. Nunua kwa vipimo vya mguu wako, zivaliwe asubuhi kabla mguu haujajaa, zivuliwe usiku. Kabla ya kuzivaa mara ya kwanza, mwombe daktari apapase mapigo ya damu juu ya wayo, kwa sababu mguu usiopata damu ya kutosha unaweza kuumizwa na soksi hizo.